Kadi ya Lucius Tolliver

Kezia Tolliver alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila siku akitoka shule aliingia moja kwa moja katika saluni ya bibi yake, Earline, kinyozi wa siku nyingi upande wa mashariki wa Detroit. Alitundika mkoba, akambusu bibi yake shavuni, akala kipande cha mkate wa mahindi, kisha akafungua daftari la hesabu huku sisi wakubwa tukibishana juu ya kichwa chake. Mimi ni Cleophus, mstaafu wa kiwanda cha magari. Nywele zangu zilikwisha kitambo, lakini saluni sikuacha kwenda.

Tulichobishania ni mpira wa kikapu. Kila mwaka hatua ya mtoano ilipofika, kila mmoja wetu aliandika kadi ya raundi ya kwanza: hadi mechi saba na timu moja, inayotangulia kushinda nne inasonga mbele, hivyo mistari saba, na mstari wa nane wa kumtaja bingwa. Kadi ziliingia katika kopo tupu la kahawa, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa ila mshika kopo. Mshika kopo alikuwa mtoto, safari hii Kezia, kwa kuwa aliye chini ya miaka kumi na mitatu hakuruhusiwa kubashiri. Baada ya kila mechi alisoma mstari mmoja wa kila kadi, mingine akiifunika kwa rula. Aliyekosea tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Aliyechekwa kuliko wote alikuwa Lucius, mume wa Earline na babu yake Kezia. Miaka ishirini na miwili mfululizo aliandika kwamba timu yetu itakuwa bingwa, na hakupatia hata mara moja. "Chekeni tu," alikuwa akisema. "Siku nikipatia mtalia."

Mwaka huo aliandika kadi yake siku ya Ijumaa, akaitia kwenye kopo. Jumamosi asubuhi Earline alimkuta ametulia kitandani, roho imeshatoka. Mechi ya kwanza ilichezwa kesho yake, na hakuna aliyeitazama.

Tulimzika Jumamosi iliyofuata. Baada ya maziko tulikula katika ukumbi wa kanisa, kuku wa kukaanga na mboga za majani. Mechi tatu zilikuwa zimepita: tulifungwa, tukashinda, tukafungwa tena. Ndipo Renita, mgawa barua wa mtaa wetu, akasema, "Kezia mwanangu, tusomee kadi ya babu yako. Nimelia vya kutosha leo. Nataka nicheke kidogo."

Kezia alifungua kopo, akaweka rula. Mstari wa kwanza ulikuwa kwa mwandiko mkubwa uliolala upande: *Ya kwanza, tutashinda.* Akainua macho, akatuona tumeshakaa tayari kucheka. Baadaye aliniambia kwamba moyo ulimchoma. Watamcheka babu yangu, aliwaza, na udongo wa kaburi haujakauka!

"Mechi ya kwanza," akasoma, "tutafungwa. Ya pili, tutashinda. Ya tatu, tutafungwa."

Hakuna aliyecheka.

"Lucius?" nikauliza. "Lucius huyu huyu tuliyemzika?"

"Jamani," Renita akanong'ona, "wanasema mtu akikaribia kwenda huona mbali."

Earline alikuwa ameitazama ile kadi kama mtu aliyeitwa jina lake. Nami, kwa mdomo wangu usio na breki, kufikia Jumapili nilikuwa nimeueneza uvumi mtaa mzima kwamba Lucius Tolliver anabashiri kutoka kaburini.

Jumapili hiyo tulishinda. Jumatatu saluni ilijaa watu ambao hata wembe hawakuuhitaji. Kezia akasoma, "Ya nne, tutashinda," na mzee mmoja akavua kofia.

Mtoto alianza kukonda. Nyumba yao ilikuwa juu ya saluni, na kopo alilitunza kwenye rafu karibu na kitanda chake. Alilihamishia kabatini, kisha chini ya kitanda, lakini popote alipoliweka alihisi babu yake amekaa naye chumbani, kimya, anasubiri. Harufu ya peremende alizokuwa akila babu ilimfuata ngazini. Mara alisikia kikohozi chake, akageuka, hakuna mtu. Kilichomtisha zaidi ni kiti cha babu kule saluni. Jioni kilikuwa kimeelekea kioo. Asubuhi, akishuka kwenda shule, alikikuta kimegeukia televisheni.

Kanuni ya kutosoma mistari iliyo mbele aliifuata, asichungulie hata herufi moja. Kanuni kubwa ndiyo aliyoivunja, na aliona aibu kumwambia mtu.

Jumanne tulifungwa tena. Jumatano alasiri Kezia alisimama mbele yetu na rula yake, midomo imemkauka.

"Ya tano," akasema, "tutafungwa."

Earline aliweka mashine ya kunyolea chini taratibu, mteja wake akiwa na kichwa kilichonyolewa nusu. "Huyu mwanaume anaongea na mimi," alisema. Kisha akachukua simu. "Kesho siendi hospitali."

Hapo nieleze. Mshipa mmoja wa moyo wake ulikuwa umeziba, na upasuaji ulipangwa kufanyika Alhamisi asubuhi. Daktari alimwonya asiahirishe hata wiki moja.

"Mama Earline, usifanye hivyo!" Renita aliruka. "Daktari alisema—"

"Daktari hajafa. Aliyekufa ndiye anayejua. Imebaki mistari miwili, na Lucius hajamaliza kusema. Akisema tutashinda, nitajua nitaamka kwenye ile meza. Akisema tutafungwa, sipandi. Cleophus, wewe unaonaje?"

Na mimi, mzee mzima mwenye kipara, nikatikisa kichwa kukubali. Mpaka leo naona haya.

Earline alianza kubonyeza namba. Kezia aliangusha rula.

"Bibi, weka simu."

"Ngoja, mjukuu wangu."

"Weka simu, Bibi, tafadhali! Nimedanganya. Babu hakuandika hivyo. Nilikuwa natunga baada ya kujua matokeo. Hakuona mbali, hakuna alichojua. Nilitunga mimi!"

Televisheni ilikuwa ikiongea peke yake, watangazaji wawili wakibishana nani atachukua ubingwa. Renita akaizima. Kezia alikuwa analia kwa kwikwi, kadi ameinyoosha mbele.

"Mlitaka kumcheka," akasema. "Sikutaka mumcheke."

Earline alivaa miwani yake, akaipokea kadi. Aliisoma kwanza kimoyomoyo. Kisha akaisoma kwa sauti, ili tusikie wote.

"*Ya kwanza, tutashinda. Ya pili, tutashinda. Ya tatu, tutashinda. Ya nne, tutashinda. Ya tano haitakuwepo, watakuwa wamesharudi kwao. Ya sita haitakuwepo pia, na hata ikiwepo sitaitazama. Siku hiyo nitakuwa hospitali, nimemshika Earline mkono. Ya saba, muulizeni Cleophus, yeye ndiye mwoga. Bingwa: sisi. Chekeni tu.*"

Kicheko kilimtoka Earline kabla ya machozi, kisha vikachanganyika. "Huyu ndiye!" alisema. "Huyu ndiye mume wangu. Yule mwingine nilikuwa simjui."

"Na kiti, Bibi?" Kezia aliuliza, akijifuta machozi. "Nani anakigeuza asubuhi?"

"Mimi. Namgeuzia aone televisheni. Miaka arobaini na mmoja nimeishi naye, niache kwa siku moja?" Akamvuta mtoto kifuani. Kisha akaiweka simu mfukoni bila kuipiga.

Alhamisi asubuhi niliwaendesha kwa gari langu. Kezia alimshika bibi yake mkono, mahali pa babu yake, mpaka wauguzi walipomwambia hapa ndipo mwisho. Jioni timu yetu ilicheza, na mtoto hakuuliza hata matokeo.

Ijumaa tulimkuta Earline ameketi kitandani, midomo imepauka lakini macho yako hai.

"Haya, niambieni," alisema.

"Tumefungwa kwa pointi kumi na tisa," nikajibu. "Msimu umekwisha."

"Lucius kakosea tena!" Alicheka, akashika kifua. "Usinichekeshe, Cleophus, utanifungua nyuzi." Kisha akamgeukia Kezia, na sauti yake ikawa nzito.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini tulipokuwa tukimcheka babu yako, ndivyo tulivyompenda. Ulipomfanya asikosee, ulimwondoa, ukatuletea mzimu badala yake, na mzimu huo nusura uniue. Mtu ukimpenda, mwache awe alivyokuwa. Ukimpamba kwa uongo, unamzika mara ya pili."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe tangu ulipoangusha rula. Ulisema kweli ilipokuwa ngumu kusema, mbele ya watu wote, na kwa hiyo mimi niko hapa. Lakini kopo hushiki tena."

Kezia aliinamisha kichwa. "Najua. Mmeacha kuniamini."

"Si hivyo," Earline alisema, akimwinua kidevu. "Mwakani utakuwa na miaka kumi na mitatu. Utaandika kadi yako mwenyewe. Andika unachokiamini, ukosee mbele yetu sote, na sisi tutakucheka."