Kwa Nini Alimwita Santa

"Amekuandikia nini?" Mama Norma aliuliza huku akilishwa.

Ruxandra alimsomea ujumbe wa mchumba wake: "Nitachelewa, santa wangu. Usinisubiri."

Alisoma kwa kujidai. Alikuwa ametoka Rumania kuja hapa Udine, Italia, kumtunza Mama Norma, aliyepooza upande mmoja, na Tullio, mwana wa nyumba, akatokea kumpenda. Harusi ilikuwa Jumamosi.

"Kwetu, Mama, mtu wa kawaida haitwi mtakatifu."

Akamweleza. Kiitaliano na Kirumania ni ndugu wa tumbo moja, lakini neno la utakatifu Warumania walilichukua kwa majirani zao Waslavi, wakasema sfânt. Lile la kale la Kilatini, sân, limebakia kwenye majina tu, kama la kijiji chao, Sânpetru. Ndiyo maana Tullio alipomwita santa mara ya kwanza, alilia. Alijiona kama amechorwa ukutani kanisani, pembeni ya Bikira Maria.

Mama Norma alisukuma sahani ya polenta, ule ugali wao wa mahindi.

"Baba yake aliniita hivyo hivyo. Hapa, mwanangu, santa ni mke anayeona na kunyamaza."

"Anayeona nini?"

"Tullio yuko Gorizia, mji wa jirani. Ana mwanamke huko, wamezaa. Wewe anakuoa ili mimi nipate wa kuniogesha. Nilijua, nikanyamaza, maana nilikuhitaji."

Ruxandra alipiga simu palepale. Aliuliza kwa sauti ya chini yuko na nani. Kabla hajajibiwa, akasikia mtoto akiita baba.

"Mama amesema, siyo?" Tullio alijibu mwishowe. "Sasa kuna ajabu gani? Yeye alivumilia na nyumba haikuvunjika."

"Mimi naishi humo, Tullio. Nimeiona ilivyo."

Akakata. Akampigia Ornella, dada yake Tullio, aje akae na mama yake. Wakati wakimsubiri, alimwogesha Mama Norma, akambadilishia shuka, akamchana nywele taratibu.

Ornella alipoingia, Mama Norma alimshika Ruxandra mkono wa koti.

"Nenda kabla sijakuomba ubaki."

Akaenda. Nje ukungu ulikuwa mzito, hata nyumba ya jirani haikuonekana. Alijikaza mpaka stendi ya mabasi, na huko ndiko alikolia, lakini aliyekuwa akimlilia alikuwa Mama Norma, si Tullio.