Programu Iliyokisia Tarehe

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwaelezea haikuwa nyumba ya ugomvi. Jumamosi hiyo asubuhi cherehani ilikuwa ikinguruma ukumbini, maana mama mwenye nyumba alikuwa mshonaji wa sare za shule, na shule zilikaribia kufunguliwa. Mwanawe alikuwa akipiga pasi shati la kazini huku akiimba vibaya, bila aibu yoyote. Mkwewe alikaa mkekani akishona vifungo na kumtania mumewe kuwa majirani watahama kwa sauti ile.

"Mkwe wangu, hebu nitungie uzi huu," mama alisema. "Tangu juzi sindano inanikimbia."

Mkwe alipokea sindano akatunga uzi. Alipoinua macho kuirudisha, aliona mama akigeuza kichwa kizima ili kuutafuta mkono wake. Mzaha ukamwisha.

"Mama, ule upasuaji wa presha ya macho si ulikuwa mwezi huu?"

"Umesogezwa. Meseji ilikuja, inasema mpaka mwakani. Nilimwambia mwenzio kwamba daktari alinitajia mwezi huu kwa kinywa chake. Akasema kompyuta haisahau, mimi ndiye nimesahau. Nikarudi kwenye cherehani yangu. Yeye kasoma, mimi nani?"

Mume aliacha kuimba. Mkewe alimtazama, naye akaitazama pasi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo balaa lilipofugwa. Mke na mume hawa walifanya kazi ofisi moja, iliyotengeneza programu ya kusoma mafaili ya Excel ya hospitali na kuwatumia wagonjwa meseji za tarehe zao. Mume aliiandika, mke akawa mkaguzi wake. Ofisini mume aliitwa Fasta, kwa jinsi alivyomaliza kazi wenzake wakiwa bado wanakuna vichwa, na jina lenyewe alilipenda mno.

Ndani ya faili la Excel, tarehe hukaa kama namba tupu, hesabu ya siku tangu siku fulani ya zamani. Wewe unaiona tarehe kwa sababu kisanduku chake kimepangwa kuionyesha hivyo. Programu yenye adabu hukiuliza kwanza kisanduku: umepangwa kuwa tarehe, au namba ya kawaida? Ya Fasta haikuuliza. Kwa kuwa kila hospitali ilipanga safu zake ilivyopenda, yeye aliiagiza iokote namba ya kwanza katika mstari yenye ukubwa unaofanana na tarehe, basi, iitume.

"Namba ya kadi ya mgonjwa ikifanana je?" mkewe alimuuliza wakati ule.

"Zitakuwa ngapi hizo? Kukagua mpangilio wa kila kisanduku ni kazi ya wiki nzima, na bosi keshawaahidi watu."

Mke aligoma kuipitisha. Meneja akaipitisha mwenyewe, kisha akamwambia mbele ya wenzake asilete ya jikoni ofisini. Nyumbani walikaa siku kadhaa wakisemezana kwa kuombana chumvi tu. Mambo ya hospitali ya mama yalikuwa mikononi mwa mwanawe, naye mke hakutaka kuchokoza tena, kwa hiyo hakuyauliza.

Jumamosi hiyo hakumwomba mtu ruhusa. Alimvalisha mama mkwe viatu, akaita teksi, na Fasta akawafuata na shati lililopigwa pasi upande mmoja. Pale mapokezi mke aliomba kuiona namba ya kadi ya mama. Aliiingiza kwenye simu yake, akaigeuza kuwa tarehe, na ikatoka ileile ya kwenye meseji. Kwenye daftari la hospitali, tarehe ya kweli ilikuwa imepita wiki tatu nyuma.

Daktari alimpima mama kwa muda mrefu. "Jicho la kushoto limekwenda," alisema. "La kulia tunaliwahi. Tunampasua leo hii."

Fasta alikaa kwenye benchi la korido akalia, na mkewe alikuwa na hasira mno hata hakuweza kumshika bega.

Jumatatu simu za wagonjwa wengine waliopotoshwa tarehe zilikuwa zikiita tangu ofisi ifunguliwe. Meneja aliwakusanya wote akasoma tangazo alilolitunga: baadhi ya wagonjwa, wengi wao wazee, walisahau tarehe zao. Akamsogezea mkaguzi kalamu.

"Sisaini," alisema.

"Fikiria kibarua chako, dada yangu."

"Nimekifikiria njia nzima. Hawakusahau. Mama mkwe wangu aliitaja tarehe yake sawasawa, akaambiwa anaropoka. Programu izimwe sasa hivi, na kila mgonjwa apigiwe simu leo. Ukitaka saini yangu, nitaiweka chini ya maneno hayo."

Meneja alimgeukia Fasta. "Mwambie mkeo."

Fasta alisimama. Alikuwa bado na macho mekundu. "Hana la kuambiwa. Mimi ndiye niliyekisia, na wewe ndiye uliyepitisha. Mama yangu mzazi nilimwita msahaulifu." Kisha akaenda kwenye kompyuta yake akaizima programu, mchana kweupe, bosi akipiga meza.

Mke akachukua simu ya kwanza. Mwenzake wa mezani akachukua ya pili, na baada ya hapo hakuna aliyemsubiri meneja. Wagonjwa wengi waliwahiwa. Wengine hawakuwahiwa, na hilo sitalipamba. Jioni mkaguzi alifukuzwa kazi, akatoka mlango wa mbele kichwa juu, mumewe akifuata nyuma bila kufukuzwa na mtu.

Mama aliporudi nyumbani na bandeji, mwanawe alipiga magoti mbele ya kiti chake.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, wewe mwanangu," mama alisema. "Ila usiniambie tena kuwa nilisahau. Sikusahau."

FUNZO

Ndugu zangu, ugonjwa unaotumaliza ni ule wa bora liende. Kukisia jambo ambalo ungeweza kuliuliza ni uzembe, hata ukipigiwa makofi kwa wepesi wako. Atakayekwambia kosa hili ni dogo, muulize ni dogo kwa nani. Mzee akikwambia daktari alisema hivi, nayo mashine inasema vile, usimcheke. Vaa viatu mwende mkaulize. Na ukiletewa kalamu usaini uongo juu ya wanyonge, kataa, wakufukuze wakitaka. Kibarua kingine utapata. Jicho la mama halikurudi.