Sauti Chini ya Tarumbeta

Diski haikuwepo.

Halfani, mtunzi wa muziki, alilikung'uta begi lake kwa mara nyingine, akatoka nje ya ghala amejishika kichwa kama mfiwa. Ndani ya kile kidude cha ukubwa wa kiganja kulikuwa na muziki mzima wa filamu: fidla, tarumbeta, mazeze, kwaya ya kanisani na kikundi cha kaswida, wote wakimsindikiza shujaa anayepanda milima ya Kondoa kwenda kuua zimwi. Miaka ya kazi. Watengenezaji wa filamu walikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kuja kuichukua.

Nakala hakuwa nayo. Halfani ni mtu aliyeogopa kuibiwa hata mluzi wake.

Inspekta Mwanahawa alifika Ihumwa katika ile baridi ya Juni ambayo wenyeji wanaapa inagandisha chai kabla haijafika mdomoni. Ghala lenyewe zamani lilikuwa la mahindi, sasa la kurekodia muziki. Kwaya ikipandisha sauti, pumba zilidondoka kutoka darini, na siku moja dereva wa treni alipunguza mwendo akidhani parapanda ya kiama imelia.

Mlinzi, Elieza, alikuwa ameshakalishwa chini, mikono imefungwa nyuma.

"Ni huyu," Halfani alisema. "Funguo anazo yeye."

"Ulimpa kazi gani nyingine?"

"Kumpekua kila anayetoka."

"Leo amepekua?"

"Hata soksi zangu."

"Afande, nimepekua hadi kofia ya padri," Elieza alisema. "Na mimi mwenyewe sijavuka geti tangu nilifungue. Leo naitwa mwizi."

"Basi haijatoka," Inspekta alisema, akaamuru geti lifungwe.

Waimbaji walihojiwa mmoja mmoja. Wote walieleza jambo lile lile: Halfani alikwenda kunywa supu, begi likabaki juu ya kiti, watu wakapita. Nani hakupita?

Nyuma ya ghala Inspekta alikuta jiko la mkaa, bado la moto. Kando yake, juu ya mkeka, alikaa Bi Sikudhani, mwalimu wa kaswida kutoka mtaa wa Area D. Pale ghalani kila mtu alijua kwamba miezi michache nyuma alimzika bintiye Yusra, aliyekuwa kinara wa kikundi. Ugonjwa wa selimundu ulimchukua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaota moto?"

"Nilikuwa nazipasha dufu. Ngozi ikipigwa na baridi inalegea, inalia kama kikapu."

Mwanahawa aliitikia kwa kichwa. Yeye mwenyewe mtoto wa Kondoa, dufu aliishika kabla ya kalamu. Maneno yale yalikuwa kweli tupu. Akaingia ndani, akatungua dufu moja ukutani, akaigonga kwa kidole.

Akaigonga tena.

"Hii si ngozi," alimwambia Halfani.

"Plastiki. Nimezibadilisha zote juzijuzi. Za ngozi zilinichosha, kila asubuhi mpaka zipashwe moto."

"Bi Sikudhani anajua?"

"Atajuaje? Hakuwa akija mazoezini. Tangu siku nilipomsikilizisha kipande cha zimwi, alisema anaumwa. Leo ndiyo amerudi."

Inspekta alirudi nyuma ya ghala na ile dufu, akaipakata kwenye mapaja ya yule mama. Bi Sikudhani aliipitishia kiganja, kama alivyofanya maisha yake yote. Kiganja kikasimama katikati. Hakuinua macho.

Mwanahawa alichukua kijiti, akafukua majivu. Kipande cha chuma cheusi kikaibuka, na kando yake plastiki iliyoyeyuka kama uji.

"Umechoma nini, mama?"

"Unakiona."

"Kwa nini?"

Alisema taratibu, bila kulia. Kabla ya kufa, Yusra alirekodi beti za kumsifu Mtume, peke yake, bila ngoma. Halfani akazihifadhi. Baada ya maziko alizichukua, akaipunguza kasi ile sauti mpaka ikadidimia, akaitia chini ya tarumbeta. Ikawa mngurumo wa zimwi. Kisha akamvalisha mama mtu spika za masikioni, akasimama mbele yake akitabasamu, akingoja asante.

"Ulijuaje kuwa ni yeye?"

"Yusra alikuwa anavuta pumzi katikati ya neno. Kifua kilimbana. Kila kitu wamekigeuza, ile pumzi wameiacha." Alifuta majivu vidoleni. "Nilimwomba aitoe. Akasema mwanao atasikika dunia nzima. Nikamuuliza, zimwi mwisho wake nini? Akasema shujaa analichoma mkuki, na sinema nzima inapiga makofi."

Akaiweka dufu kando.

"Nimzike tena, mwanangu? Safari hii kwa makofi?"

Halfani alikuwa amesimama pembeni ya ukuta. "Nilitaka asisahaulike," alisema.

"Nani alikuambia nimesahau?"

Inspekta aliagiza Elieza afunguliwe. Hakuna aliyemwomba radhi. Alirudi getini, akaendelea kulinda.

"Halfani," Bi Sikudhani aliita. "Ile aliyoimba mwenyewe, kabla hujaigeuza. Umeiweka wapi?"

Halfani alilitazama jiko.

"Ilikuwa humo humo."

"Nyingine?"

"Hakuna. Kilichobaki ni kipande cha zimwi. Niliwatumia watengenezaji kama kionjo, ndicho pekee nilichothubutu kukituma. Kiko kwenye simu."

"Huwezi kuirudisha kama ilivyokuwa?"

"Haiwezekani, mama. Imeshashikana na tarumbeta."

Mwanahawa alitoa pingu, akazitazama, akazirudisha kiunoni. "Twende kituoni, mama. Kuharibu mali ni kosa, sina la kufanya."

Bi Sikudhani alinyanyuka, akakung'uta baibui. Hakuelekea kwenye gari. Alimwendea Halfani.

"Iweke."

Halfani aliminya simu. Mngurumo ukatoka, mdogo, wa kukwaruza, na tarumbeta zikapanda juu yake. Yule mama aliinamisha kichwa upande mmoja, akingoja. Ikapita ile pumzi. Kisha mkuki, kisha kimya.

"Iweke tena," akasema.