Unga Uliotoka Matangani

Mkufu wa dhahabu wenye mawe mekundu uliibwa kijijini Kyarumba siku alipozikwa mwenye nao, Tabisa. Resty, mke wa mwanawe Kambale, ndiye aliyemwosha marehemu na kuuweka mkufu katika sanduku la nguo chumbani mwake. Kwa hiyo mwizi akawa yeye. Kambale alimwambia mbele ya watu wote kwamba usipopatikana, arudi kwa baba yake, kijiji cha Kasenyi.

Asubuhi iliyofuata Koplo Aryemo wa polisi alipanda mlima kutoka Kasese. Alimpekua Resty na chumba chake. Hakupata kitu. Akauliza nani mwingine aliingia chumba cha marehemu. Kambale alimtaja Semu wa Bwera, kaka yake wa mama mwingine. Hawasemezani, lakini Semu aliingia kuaga, na alipotoka vijana walimpekua koti. Halikuwa na kitu.

Barabarani Aryemo alimpata Mumbere, mwendesha bodaboda aliyemrudisha Semu Bwera. Akamuuliza abiria alibeba nini.

"Unga wa muhogo, afande. Kafuko kadogo, alikapakata kama mutoto." Mumbere alicheka. "Nikamuuliza, mzee, kwenu iko njaa? Watu wanapelekaka unga kwa matanga, weye unautoa?"

"Akajibu nini?"

"Akasema niangalie barabara."

Aryemo hakucheka. Hata kwao Gulu chakula huenda msibani, hakirudi. Na vijana walipekua koti, hawakupekua unga.

"Nipeleke Bwera," akasema.

Unga ulikuwa chini ya kitanda cha Semu, haujaguswa. Aryemo akaumwaga kwenye beseni. Mkufu ukatoka mweupe.

"Mzee, umeiba mali ya marehemu."

"Marehemu yupi?" Semu akauliza. "Baba aliutoa Kongo akamvisha mama yangu. Alipomwoa Tabisa, akauvua shingoni mwa mama, akampa yule. Nilikuwepo."

"Na Resty? Ulijua wanamsingizia."

Semu akautazama unga. "Nilijua. Lakini nyumba iliyokuwa ikivunjika ni ya Kambale. Nikanyamaza."

Waliporudi Kyarumba, Kambale alinyoosha mikono apewe mkufu. Aryemo akamwambia ni kielelezo cha kesi. Ndipo Kambale akamtafuta mkewe. Resty alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni na kuondoka mara tu alipomaliza kupekuliwa. Kambale akampigia simu, akamwambia mkufu umepatikana.

"Basi uvae," Resty akasema, akakata.

Ikawa hivi: Semu mahabusu. Resty Kasenyi, na mtoto. Kambale peke yake, na waombolezaji hawajapikiwa. Mkufu uko kabatini kituoni, bado una unga.