Aliye Juu Haitwi Jina

Kilima kilinuka udi siku hiyo, na nani achome udi juu ya Haneti, kwenye mawe na miiba mitupu? Loisi aliusikia akianua nguo. Akanyamaza, maana mumewe angemcheka mpaka kesho.

Gerson, mumewe, alikuwa mlinzi wa mnara wa simu, na nyumba yao ilikuwa chini yake, pale pale kilimani. Taa nyekundu ya kileleni, ile ya kuonya ndege, ikizimika lazima apande kabla jua halijazama. Bi Mwajabu, mke wa mlinzi wa zamani, aliwaachia sharti: mtu akishapanda, kilimani lisitajwe jina la yeyote. Wa chini agonge chuma cha mnara kwa spana, na wa juu asishuke mpaka agongewe.

"Kule juu kuna mwingine," alisema. "Jina analolisikia, analivaa. Ila chumvi haili."

Jioni hiyo taa ikazimika. Gerson alipokuwa juu, kisulisuli kikapanda kutoka bondeni, vumbi likaumeza mnara wote. Loisi akatafuta spana, haioni. Ah, si angeokota hata jiwe! Woga ulimzidi.

"Gerson! Gersooon!"

"Naam," akajibiwa sikioni kabisa.

Vumbi lilipotulia, mumewe alikuwa mlangoni, hana tone la jasho, ananuka udi. Akaketi mkekani, akampakata binti yao. Loisi akamtengea ugali na mlenda. Akaonja, akausukuma.

"Chumvi."

Ndipo chuma kikagongwa huko juu. Ngo. Ngo. Ngo.

"Usijibu," akasema yule wa mkekani, akimpapasa mtoto nywele.

Loisi alisimama mlangoni, spana ameiona sasa chini ya beseni, mume wake wa kweli yuko juu kwenye upepo anasubiri kugongewa, na mwanawe wa pekee yuko mapajani mwa kitu kisichopepesa macho, akigonga kitamfanya nini mtoto, asipogonga mumewe atalala huko huko, mpaka jina likamponyoka: "Erica! Njoo kwa mama!"

Mtoto akatoka mbio. Loisi akagonga kwa nguvu zake zote. Alipochungulia ndani, mkeka ulikuwa mtupu.

Gerson alishuka akitweta, shati limelowa chapachapa. "Mke wangu, nagonga, nagonga, mbona uliniacha?"

Loisi alimkumbatia akilia kwa furaha. Wakateremka na mtoto mpaka kwa Bi Mwajabu, chini ya kilima.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Kaeni kwanza mle wali na mchuzi."

Loisi akamsimulia yote.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mwajabu. "Na mtoto ulimtoaje mle ndani?"

"Nilimwita tu."

"Kwa jina? Mumeo akiwa bado juu?"

Loisi alikuwa anamtazama binti yake, aliyeonja mchuzi kisha akalisukuma bakuli.

"Chumvi," alisema mtoto.

Huko kilimani chuma kikaanza kugongwa, polepole, kwa mkono mdogo usio na nguvu.