Lundo la Mawe kwenye Picha ya Chai

Mwaka wa 1984, mvua ilipokataa kabisa, picha moja nyumbani kwa Kabale ilianza kunuka udongo uliolowa.

Ilikuwa picha ya shindano. Kampuni fulani ya majani ya chai ilikuwa imefukia redio mahali fulani nchini, kisha ikachora dalili za mahali hapo: kilima kilichopasuka kichwa, miti miwili ya mikoma iliyoegemeana, na lundo la mawe. Jirma, mume wa Kabale, aliipata dukani kwa Adano alikokuwa akibeba magunia. Aliibandika ukutani, na kila Ijumaa akatoka kwa miguu kufuata barabara ya Garbatulla, akilinganisha vilima. Adano alimcheka mbele ya wateja.

"Jirma, ukiipata hiyo redio, betri nitakuuzia mimi."

Jirma hakutafuta redio. Walipohama Sericho na ng'ombe wa mwisho, binti yao Bisharo alikufa kwa kiu njiani. Walimzika haraka, wakalundika mawe, wakaendelea, na baadaye hakuna aliyepakumbuka. Siku alipoiona picha, Jirma aliketi juu ya gunia, akaweka kidole kwenye lile lundo la mawe.

Ijumaa moja alirudi na jiwe ndani ya shuka.

"Nimempata," alisema. "Kilima ni kile. Mikoma ni ile. Nimekuletea jiwe moja ulishike, kwa sababu hujawahi kurudi."

Kabale aliogopa. Anayepita kaburi huongeza jiwe, hakuna anayeondoa. Lakini alilichukua, akalipakata mpaka mkono ukafa ganzi.

Baada ya hapo harufu ilijaa nyumba. Mchana, majirani wakiwa wamelala kwa joto, mawe yalisagana nyuma ya pazia la kitanda, polepole, kama mtu anayeyapanga, na Kabale akijikaza kufunua hakuona kitu ila shuka lililolowa, na akiligeuza godoro sauti ilihamia ukutani, ikapanda mpaka kwenye picha, ikanyamaza hapo.

Walimwita Mama Safiyo, mwenye kufukiza ubani. Alitoa salamu mlangoni, akanusa, akakataa kuvuka pazia.

"Pale ulipotoa jiwe hapana mtoto," alimnong'oneza Jirma. "Wenu amelala kwingine, na amepumzika. Hiki kimefuata huzuni yenu. Jiwe lirudi leo."

Kisha akamshika Kabale mkono. "Kabla halijafika, kitaomba maji. Usikipe. Ukikipa, umekubali kuwa mama yake."

Jirma alilibeba jiwe, akaondoka kwa lori la mbuzi. Kabale aliketi kizingitini, mgongo kwa pazia.

"Aayo," sauti ikamwita mama nyuma yake. "Aayo, maji."

Alijua si Bisharo. Alisikia mawe yakisagana ndani ya yale maneno, na harufu ya udongo ikamfika mpaka kooni, lakini sauti ilikuwa ile ile iliyoomba kule njiani, ikiomba kwa adabu, bila kulia, siku ambayo kibuyu kilikuwa kikavu na yeye mama mtu akamwambia mwanawe anyamaze, na sasa debe lilikuwa limejaa karibu na goti lake.

Alichota kikombe, akakipitisha kando ya pazia. Vidole vilivyokipokea vilikuwa baridi, tena vingi mno kwa mkono mmoja.

"Kunywa polepole," Kabale alisema. "Yapo mengine."