Sifuri Tisa za Karani

Kila Ijumaa, baada ya kipindi cha mwisho, Karani alikuwa na kazi yake. Alipita dawati kwa dawati akiwa amekumbatia boksi, akikusanya madaftari madogo ya bluu, na ole wake aliyemwambia kwamba amelisahau nyumbani. Jina la Karani alipewa na wenzake tangu darasa la tatu, kwa sababu msichana huyu alipenda orodha kuliko mchezo. Alikuwa na orodha ya waliochelewa, orodha ya waliofagia, na orodha ya waliojificha chooni wakati wa kufagia. Rejista yake haikuwahi kuwa na mstari uliorukwa, na kwa jambo hilo alijiona, tena sana.

Madaftari yale yalikuwa ya mama mmoja kutoka chuo kikuu. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Asubuhi alifundisha wanafunzi wa chuo, mchana alitibu wagonjwa, na kwa miaka mingi alikuwa akichunguza maumivu ya kichwa. Alitaka kujua kwa nini watoto wengine huumwa kidogo wakapona, na wengine hushikwa na kipandauso, yale maumivu makali ambayo mara nyingi hukamata upande mmoja wa kichwa, yakaleta kichefuchefu na kuufanya mwanga uchome macho. Siku ya kwanza alipofika darasani alimgusa kila mtoto shingoni kwa vidole viwili, akawaambia wageuke kulia, wageuke kushoto, watazame dari. Watoto walicheka mpaka basi. Kuanzia siku hiyo wakamwita Daktari wa Shingo, naye hakukasirika.

Aligawa madaftari siku hiyohiyo. Kila ukurasa ulikuwa wa siku moja, kwa wiki nane. Mtoto aandike kichwa kimemuuma kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi, kimeanza saa ngapi, upande gani, na usiku alilala kwa muda gani.

"Nisikilizeni vizuri, wanangu," alisema. "Andikeni kilichotokea, si kinachopendeza. Na siku ambayo huwezi kuandika, acha wazi. Usibuni. Nafasi tupu nayo inaniambia kitu, nitakuja kuuliza."

Darasa zima lilisikia. Karani pia alisikia, ila mwalimu wa darasa alikuwa ndiyo kwanza amemteua kuwa mtunza madaftari, na maneno mengine yote yalimpita juu kwa juu.

Msichana aliyeketi naye dawati moja aliitwa Kivuli. Jina hilo lilikuwa la utani, na utani wenyewe ulikuwa wa kuumiza. Dawati lao lilikuwa karibu na dirisha, na jua la asubuhi liliwapiga usoni. Siku nyingine Kivuli alijifunika macho kwa sweta, akalaza kichwa mezani, akaomba ahamishiwe kivulini. "Kivuli, kivuli," wenzake walimwiga, mpaka likawa jina. Mwalimu wa darasa hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amechoka na visingizio vya watoto, na alikuwa ameona jambo moja: maumivu yale yalipenda sana siku za mtihani.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Hakuna aliyemshinda Kivuli kwa hisabati, na mtihani wa mchujo wa kwenda shule ya bweni ya sayansi ulikuwa unakaribia. Mtihani huo ulifanywa mara moja tu kwa mwaka, na aliyetimiza miaka kumi na tatu hakuruhusiwa kuufanya. Kivuli alibakiza miezi minne atimize. Mama yake, fundi cherehani, alikwenda shuleni kuomba mwanawe afanyie mtihani katika chumba cha vitabu, ambacho hakikuingiza jua, na aruhusiwe kupumzika kichwa kikimshika.

"Mama, siwezi kumpa mtoto mmoja chumba chake kwa sababu amesema anaumwa," mwalimu alimjibu. "Kila mmoja atasema anaumwa. Wiki nane zikiisha, Daktari akiniandikia barua kwamba huyu ana kipandauso, chumba atapata. Daftari ndilo litakalosema."

Ijumaa ya kwanza, Karani alifungua daftari la Kivuli akakuta Jumatano ni tupu.

"We, mbona hujajaza?"

"Nilikuwa nimelala chini," Kivuli alisema. "Hata kufumbua macho nilishindwa. Acha tu, Daktari alisema tuache."

"Haya," alisema Karani.

Alisema haya, lakini alipobaki peke yake na boksi lake, ile nafasi ilimwasha. Madaftari thelathini na tisa yalikuwa yamejaa, na hili moja lilikuwa na pengo katikati. Angeweza kumsubiri Kivuli Jumatatu na kumwuliza. Angeweza kuandika pembeni, "alikuwa mgonjwa." Badala yake alichukua kalamu akaandika sifuri, nzuri, ya mviringo. Mwandiko wa mtu hutambulika kwa herufi zake, lakini sifuri ni sifuri. Nani angejua? Jumatatu alimrudishia Kivuli daftari, naye Kivuli akafungua ukurasa mpya bila kutazama nyuma.

Wiki ya pili aliandika sifuri mbili. Wiki ya tatu alianza kuwajazia na wengine waliorukaruka siku kwa uvivu, na mwalimu alipoyaona madaftari yote yamejaa alimsifu mbele ya darasa. Karani alirudi kwao akitembea juujuu. Wiki nane zilipokwisha, daftari la Kivuli lilikuwa na sifuri tisa ambazo Kivuli hakuziandika. Karani hakujua, kwa sababu hakujishughulisha kufikiri, kwamba siku hizo tisa ndizo zilizokuwa ugonjwa wenyewe. Siku ambazo Kivuli aliweza kushika kalamu zilikuwa siku zake nzuri.

Daktari wa Shingo aliyasoma madaftari kwa siku tano, kisha akaja. Karani aliitwa ofisini kubeba boksi, akamkuta Kivuli amesimama mbele ya meza ya mwalimu.

"Kusema kweli nimeshangaa," Daktari alisema. "Nilipompima shingo na kumsikiliza, nilidhani ni kipandauso. Lakini hapa hakuna. Wiki nane, sifuri, sifuri, mbili, sifuri. Siwezi kuandika barua ya kitu ambacho sikioni."

"Nilijua tu," alisema mwalimu.

Kivuli alilisogelea daftari, akafunua kurasa. Kidole chake kilisimama kwenye Jumatano ya kwanza.

"Mwalimu, hii si yangu. Hii niliacha. Na hii pia si yangu."

"Kwa hiyo sifuri zimejiandika zenyewe?"

Kivuli aligeuka akamtazama Karani, na Karani akajua kwamba ameshajulikana. Sentensi moja ingetosha. Alilitazama boksi, akayapanga upya madaftari yaliyokuwa yamepangika tayari, akaomba ruhusa ya kutoka.

Mtihani ulifanywa Jumanne. Kivuli alikaa pale pale dirishani. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakupata usingizi, na asubuhi alishindwa kula. Karani, aliyehamishiwa nyuma yake kwa ajili ya mtihani, alimwona akiandika kwa kasi nusu saa ya kwanza, kisha akiandika huku ameziba jicho moja, kisha ameacha kuandika.

"Naomba nilaze kichwa kidogo," alisema kwa sauti ndogo.

"Kaa sawa," mwalimu alimwambia. "Leo hakuna michezo."

Alikaa sawa. Alijikaza kwa dakika kumi zaidi, akatapika juu ya karatasi yake, juu ya hesabu zake zote alizokuwa amezipata. Wawili watatu walicheka. Alitolewa nje ameshikwa mikono miwili, amefumba macho, machozi yakimtoka bila sauti. Karani alimaliza mtihani wake. Hata swali moja hakulikumbuka baadaye.

Alhamisi Karani hakuweza tena. Baada ya masomo alitembea kwa miguu hadi chuoni, akauliza njia mara tatu, akafika kwenye chumba cha Daktari wa Shingo. Kilikuwa chumba kidogo, chenye kitanda chembamba cha ngozi nyeusi na mfano wa uti wa mgongo uliotundikwa kwenye ndoano. Pazia lilikuwa limefungwa. Kitandani amelala Kivuli, taulo usoni, na mama yake ameketi pembeni. Karani alitamani kurudi mbio. Akapiga moyo konde, akaingia.

"Shikamooni. Ni mimi niliyeandika zile sifuri."

Daktari aliinua macho. "Zipi?"

"Za Kivuli. Zote tisa. Aliacha wazi, mimi nikajaza."

"Kwa nini?"

"Ili lisiwe na pengo."

Kivuli hakuliondoa taulo. Mama yake ndiye aliyenyanyuka, mwanamke mfupi mwenye uzi mweupe bado umeng'ang'ania kwenye blauzi yake.

"Mwanangu amekaa siku mbili akiniuliza, mama, kwani mimi ni mwongo?" alisema. "Nami nilishaanza kumwambia, labda unatia chumvi kidogo, mama. Mimi mzazi wake! Umenifanya nimtilie shaka mtoto niliyemzaa, kwa ajili ya usafi wa daftari?"

Karani alilia. Hakuna aliyembembeleza, na hakustahili.

"Na ya wenzako?" Daktari aliuliza polepole. "Ulijaza?"

"Baadhi."

"Yapi?"

"Sikumbuki."

Daktari wa Shingo alilivuta boksi la madaftari arobaini, akalifunika, akachukua kalamu nene na kuandika juu yake: HAYATUMIKI. Kazi ile aliiandaa kwa miaka miwili.

"Na mimi nina kosa langu," alimwambia mama yake Kivuli. "Mtoto alisimama mbele yangu akasema si yangu, nikaiamini karatasi. Nisamehe, dada."

Barua iliandikwa hapohapo, na mwalimu wa darasa akaipata kesho yake. Aliisoma akiwa amesimama, uso ukamshuka. Mbele ya darasa zima alimwomba Kivuli radhi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanafunzi yeyote. Kivuli alipelekwa kwa daktari wa hospitali akapewa dawa. Daktari wa Shingo alimfundisha mazoezi ya shingo na mabega, akamsisitizia alale na kula kwa saa zilezile na anywe maji ya kutosha. Alieleza pia kwa nini maumivu yalipenda siku za mtihani: wasiwasi, kukosa usingizi na tumbo tupu vinaweza kuyaamsha. Hayakwisha, lakini yalipungua, kutoka mara moja kwa wiki hadi mara moja kwa mwezi.

Mtihani wa mchujo haukurudiwa. Mwalimu aliandika barua mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa fupi. Miezi iliyobaki ikapita, Kivuli akatimiza kumi na tatu.

Sasa aliketi mbali na dirisha. Aliomba mwenyewe kuhamishwa, na alipoulizwa angependa kukaa na nani, alitaja majina manne. La Karani halikuwamo.

Muhula uliofuata Daktari wa Shingo alirudi na madaftari mapya ya kijani. Alipoulizwa nani awe mtunza, alimnyooshea Karani kidole, na darasa likaguna. Mwalimu mwenyewe alikunja uso.

"Huyuhuyu," alisema Daktari. Kisha akamwita Karani mbele, akasema naye kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Mwanangu, wewe hukuiba kitu wala hukumpiga mtu. Uliandika maduara tisa madogo, na mwenzako amepoteza shule. Anayeandika habari za mtu mwingine ameshika maisha yake mkononi. Usilolijua, usiliandike. Ukikosea, sema siku ileile, kwa sababu ukweli wako ulikuja Alhamisi na mtihani ulikuwa Jumanne. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Daktari."

Ijumaa Karani alipita na boksi lake, dawati kwa dawati, hana tena maneno ya kuwatisha watu. Kivuli alimpa daftari bila kumtazama. Karani alilifungua. Jumatatu mbili, Jumanne sifuri. Jumatano ilikuwa tupu.

Alisimama pale na kalamu mkononi.

"Jumatano uliumwa?" aliuliza.

Kivuli alifunga mkoba wake, akauvaa begani, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya ofisini.

"Liulize daftari," alisema, akatoka.

Karani aliirudisha kalamu mfukoni. Aliiacha Jumatano kama alivyoikuta, akalifunika daftari, akaendelea na dawati lililofuata.